Hesabu Niliyoiacha Miburani



Wiki moja kabla ya mitihani ya muhula uliopita umeme ulikatika bweni zima. Hakuna aliyeweza kupiga msuli gizani, kwa hiyo tukabaki kupiga soga. Chumba chetu tupo sita, kila mtu na kozi yake. Mmoja akatupa swali: tangu uanze shule mpaka leo, kipindi gani ulikuwa unakisubiri kwa hamu, na kipi ukikiona kwenye ratiba tumbo linakuuma?

Wa sheria alisema alipenda Uraia na aliichukia Fizikia. Shuleni kwao hakukuwa na maabara, hivyo majaribio ya umeme waliyasoma ubaoni, na mtihani wa vitendo waliufanya kwa kalamu na karatasi. Wa uuguzi alitokea PCB. Bayolojia aliipenda kufa, lakini ile hesabu ya nyongeza wanayobandikwa watu wa PCB, yaani BAM, hataki hata kuisikia. Wa uhandisi alikuwa kinyume chetu: hesabu ndo starehe yake, ila akiingia kwenye DS anasinzia kabla mhadhiri hajashika kipaza sauti. Wa uandishi wa habari na wa utalii walitofautiana kwenye masomo waliyoyapenda, lakini kwenye waliyoyachukia wakakutana palepale: hesabu. Mimi nilisema napenda Kiswahili na Jiografia. La kuchukia sikuhitaji hata kulifikiria.

Tulipohesabu, watu wanne kati ya sita tulikuwa tumetaja hesabu, kwa jina hili au lile. Yule wa uhandisi akatuambia, "Nyinyi hesabu haikuwashinda. Mliikimbia." Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba mwaka wa pili nilikuwa nimekula sapu. Kozi yenyewe ni takwimu kwa wanafunzi wa jiografia, na ni ya lazima. Niliipata 34, na kwetu kufaulu kunaanzia 40. Ukishindwa sapu unabeba kozi, na ukizidi kubeba unadisko. Sababu ya pili ilikuwa kwenye simu yangu. Mdogo wangu, aliyepo kidato cha pili huko kwetu Miburani, kisiwani Mafia, alinitumia ujumbe wa sauti wiki ileile: "Kaka shikamoo. Nimeamua, hesabu naipiga chini kama ulivyofanya wewe. Saba bora zinatosha." Na huyu mtoto, tangu akiwa mdogo, akiulizwa anataka kuwa nani anajibu neno moja: nahodha. Si nahodha wa mashua, anasema, wa meli.

Maneno ya saba bora nilimfundisha mimi, likizo moja, tumekaa kwenye baraza ya bibi, nikijiona msomi. Kwa hiyo makala hii naiandika kama mtu mwenye deni. Nataka kueleza jinsi mwanafunzi anavyofika mahali pa kulichukia somo. Nimefikiri sana juu ya jambo hili na naona kuna mambo matatu makubwa, na hakuna hata moja linalohusu akili ya kuzaliwa.

Namba zilezile, majina mapya

Shule ya msingi sikuwa kilaza wa hesabu. Tulifundishwa KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika, na KKS, Kigawo Kikubwa cha Shirika. Ukinipa 12 na 18 nilikujibu bila kusita: KDS ni 36, KKS ni 6. Nilijua mraba, pembetatu, sehemu na asilimia. Bibi alikuwa akiuza nazi, na mimi ndiye niliyekuwa karani wake.

Kidato cha kwanza mwalimu akaandika ubaoni LCM. Nikajua tumeanza kitu kigeni kabisa. Nilikariri hatua zake kama mtu anayekariri namba ya simu, na muhula ulikuwa unakaribia kwisha nilipogundua kwamba LCM ni KDS yangu ileile imevaa koti. Hakuna aliyenificha. Ni kwamba hakuna aliyeona haja ya kunitajia, maana lugha ya kufundishia ilikuwa Kiingereza na mwalimu alifuata utaratibu.

Hesabu tupu nilizimudu kidogo. Maswali ya maneno ndiyo yaliyonimaliza, yale ya mtu aliyenunua bidhaa kwa bei fulani akauza kwa hasara fulani. Nilikuwa nalisoma swali mara tatu, si kulielewa bali kutafuta namba zilipo. Nikizipata nazijumlisha. Nikiona jibu kubwa mno, nazitoa. Wengi mnaosoma hapa mnaijua mbinu hiyo, msijifanye.

Hili lina historia yake. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, na tangu kipindi hicho Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi za serikali. Sekondari ikabaki kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Serikali haikulifuata pendekezo hilo. Sera ya Elimu ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilikifungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote, lakini ukiingia darasa la hesabu la kidato cha kwanza leo bado utakuta LCM ubaoni. Watafiti wa mradi wa LOITASA, uliounganisha Tanzania na Afrika Kusini, wakiwemo Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Oslo, wameandika kwa miaka mingi kwamba mwanafunzi huelewa zaidi anapofundishwa kwa lugha anayoijua.

Sisemi Kiingereza kifutwe kesho asubuhi. Nasema hivi: mtoto wa miaka kumi na nne akiingia darasani na kukuta vitu vyake vyote vimebadilishwa majina, hatasema lugha imenishinda. Atasema hesabu imenishinda. Chuki inaangukia somo ambalo halikuwa na kosa.

Ushahidi mdogo ninao nyumbani. Somo ambalo mdogo wangu analipenda kuliko yote ni Historia ya Tanzania na Maadili, ambalo katika mtaala mpya linafundishwa kwa Kiswahili. Niliporudi likizo alinikalisha chini akanisimulia vita vya mwaka 1915: jinsi Waingereza walivyoichukua Mafia mwezi wa Januari, na jinsi manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilivyojificha kwenye delta ya Rufiji mpaka ikaangamizwa mwezi wa Julai. "Kaka, ndege zilirukia hapahapa kwetu!" Nikamuuliza, sasa wale waliokuwa kwenye manowari za Waingereza waliipigaje meli wasiyoiona, nayo iko nyuma ya mikoko? Akanijibu haraka: ndege ilikuwa angani inawaambia kombora limeanguka wapi, wao wanarekebisha mzinga. Nikamwambia, mdogo wangu, hiyo ni hesabu. Akanitazama kama nimemtukana. "Ile si hesabu, kaka. Ile ni historia."

Saba bora

Jambo la pili ni pointi. Wengi tunajua utaratibu lakini hatujawahi kukaa tukatazama unatufanya nini.

Matokeo ya kidato cha nne hupangwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi mtahiniwa. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4 na F 5. Ukijumlisha saba bora ukapata kati ya 7 na 17, umepata daraja la kwanza. Maana yake ni kwamba mwanafunzi mwenye masomo manane au tisa anaweza kupata F ya hesabu na bado akawa na daraja la kwanza lililonyooka. F ile haimgusi, inabaki nje ya mlango.

Hebu mfikirie mtoto mwenye muda mchache, mshumaa mmoja na daftari tisa. Hesabu inataka saa mbili kila siku. Uraia unataka saa mbili kwa wiki na unampa B. Atachagua nini? Kuikimbia hesabu hapo si uvivu. Ni hesabu nzuri kabisa aliyoipiga mwenyewe, na ndiyo hiyo niliyoipiga mimi kidato cha pili. Kipindi kile darasa letu lilikaa muda mrefu bila mwalimu wa hesabu. Shule siitaji, maana hali hiyo haikuwa ya shule yangu peke yake. Kaka zetu wa kidato cha nne walitupa ushauri tukaupokea kama wasia: pigeni chini, saba bora zinatosha. Nikapata daraja la pili, nikaenda HGK, kijijini wakanipongeza. F ya hesabu hakuna aliyeiulizia.

Kwa hesabu hii ya kila mtoto mmoja mmoja, taifa zima linapata picha mliyoizoea. Kwa miaka kadhaa, kuanzia 2018 hadi 2022, waliofaulu Hisabati kidato cha nne walikuwa karibu mmoja kati ya watano. Na kufaulu kwenyewe kunaanzia alama 30 tu kwa mia, yaani D.

Lakini tusilitupie lawama lote suala la pointi. Kenya utaratibu ni tofauti. Tangu 2023, daraja la jumla la mtihani wa KCSE linapangwa kwa hesabu, lugha moja na masomo mengine matano bora, kwa hiyo kule huwezi kuiacha hesabu nje ya mlango. Hata hivyo wanafunzi wa Kenya nao wanailalamikia hesabu kama sisi. Kulazimisha somo lihesabiwe kunaweza kumfanya mtu alisome. Hakumfanyi alipende.

Kozi ya lazima

Hapo ndipo linapoingia jambo la tatu, na mfano wake mzuri hauko kwenye hesabu. Uko kwenye DS.

Karibu kila mwanachuo wa Tanzania anaijua kozi ya Taaluma za Maendeleo. Ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, mhandisi kando ya mwanasheria, na swali linaloulizwa zaidi ni "hii inatoka kwenye mtihani?" Madesa yake yanarithiwa kutoka mwaka hadi mwaka kama kanzu ya babu. Ukifanya kura ya kozi inayochosha kuliko zote hapa chuoni, sitashangaa DS ikishinda bila kampeni.

Sasa tazama ilikotoka. Mwaka 1967 wanafunzi pale Mlimani, Dar es Salaam, waliunda umoja wa kimapinduzi uliojulikana kama USARF, na mwenyekiti wake alikuwa mwanafunzi aitwaye Yoweri Museveni. Walikuwa na madarasa yao ya itikadi siku za Jumapili. Jumapili, makamaradi! Hakuna mahudhurio, hakuna alama, hakuna GPA. Walisoma na kubishana juu ya ukoloni, uchumi na ukombozi, maswali yaleyale ambayo leo yanatusinzisha. Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha historia pale na aliyechapisha mwaka 1972 kitabu chake maarufu kuhusu jinsi Ulaya ilivyoikwamisha Afrika kimaendeleo, alikuwa karibu nao. Walikuwa na jarida lao, Cheche, lililofungiwa mwaka 1970 pamoja na umoja wenyewe. Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ya chuo kile ilianzishwa mwaka 1973.

Yaani mambo yaliyowaamsha wanafunzi Jumapili bila kuitwa ndiyo yanayotulaza sisi Jumanne tukiwa tumeitwa. Mada hazijabadilika sana. Wale walikuwa na swali lao mkononi: Msumbiji na Angola zilikuwa bado vitani, wapigania uhuru walikuwa wanaishi mjini humohumo, na walichosoma Jumapili walikitumia Jumatatu. Sisi tunapewa majibu ya swali ambalo hatujaliuliza.

Hapo nikaanza kuielewa chuki yangu ya hesabu. Lugha iliniziba masikio na pointi zikanionyesha mlango wa kutokea. Lakini kilichonifanya nisirudi ni kwamba sikuwahi, hata siku moja, kuwa na swali langu mwenyewe ambalo hesabu ya sekondari ingeweza kulijibu. Mpaka likizo hii.

Kamba ya mjomba

Nilivuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni nikiwa na daftari la takwimu kwenye begi na sapu inanisubiri. Kutoka Kilindoni nikachukua bodaboda hadi nyumbani. Jina la Miburani linataja mibura, lakini macho yako yakifika huko yanapokelewa na minazi, kama sehemu nyingi za Mafia.

Mjomba ana ekari moja ambayo minazi yake imezeeka na mingine imekufa. Ameisafisha, anataka kupanda upya. Asubuhi moja alitukuta barazani, mimi na mdogo wangu, kila mtu na simu yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Haya wasomi, nina swali. Nimeambiwa mnazi upewe mita tisa kila upande. Nikipanda kwa mraba najua la kufanya. Lakini kuna mtu kaniambia nikipanda kwa pembetatu itaingia mingi zaidi. Ni kweli? Na miche ninunue mingapi?"

Kimya. Bibi alikuwa anasuka ukili pembeni, akaniangalia kwa jicho la utani. "Mume wangu, si uko chuo kikuu? Mjibu mwenzio."

Niseme ukweli, nilitamani bodaboda irudi. Kwa mraba niliweza: mnazi mmoja unachukua eneo la 9 mara 9, mita za mraba 81. Ekari ni kama mita za mraba 4,047. Gawanya, unapata minazi 50 hivi. Kwa pembetatu nikakwama. Mistari inasogeleana, lakini inasogeleana kwa kiasi gani?

Mdogo wangu ndiye aliyechora mchangani. Minazi miwili kwenye mstari wa kwanza, mita tisa kati yao. Mnazi wa tatu mstari wa pili, katikati ya ile miwili, na wenyewe uko mita tisa kutoka kila mmoja. Akauangalia mchoro, akashusha mstari mmoja kutoka juu hadi chini katikati. Halafu akanyamaza, kisha akasema polepole, "Kaka, si hii ndo ile ya hipotenusi?"

Ilikuwa ni yenyewe, Pythagoras, mada niliyoikimbia kidato cha pili. Upande mrefu uliolala ni 9. Upande wa chini ni nusu ya 9, yaani 4.5. Tunatafuta ule uliosimama, ambao ndio umbali kati ya mstari na mstari. Kipeo cha pili cha 9 ni 81. Cha 4.5 ni 20.25. Toa, inabaki 60.75. Sasa namba gani ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe inaleta 60.75? Alianza kubahatisha: 8 inaleta 64, imezidi. 7.5 inaleta 56.25, imepungua. 7.8 inaleta 60.84. "Hapohapo!" akasema.

Basi mistari ikae mita 7.8 badala ya 9. Kila mnazi unachukua 9 mara 7.8, mita za mraba 70.2. Gawanya 4,047 kwa hiyo, unapata 57 na kidogo. Mipakani hesabu inaweza kubadilika kidogo kutokana na umbo la shamba, lakini jibu la mjomba lilipatikana: minazi saba zaidi kwenye ardhi ileile, na hakuna mnazi unaosongamana na mwenzake chini ya mita tisa.

Mjomba hakutuamini kwa maneno. Alitoa kamba yake ya pima tano, ambayo kwa mikono yake ni mita tisa. Tukapiga vigingi viwili, tukavuta kamba kutoka kila kigingi, na pale zilipokutana tukapiga cha tatu. Kisha akapima kutoka kigingi hicho kushuka hadi mstari wa kwanza: pima nne, dhiraa moja na kipande cha shibiri. Mdogo wangu akaigeuza kuwa mita kwenye daftari. Karibu 7.8. Akaruka kama mtu aliyefunga goli dakika ya tisini.

Mjomba alimaliza darasa la saba zamani, na jina la Pythagoras hakuwa analijua. Nilipomwambia kwamba kuna Mgiriki amepewa sifa za jambo hilo, aliuliza kitu kimoja tu: "Naye alikuwa na minazi?"

Tufanyeje

Sitaki mfikiri kwamba siku ile ilibadilisha kila kitu. Tulikaa wiki tatu, jioni baada ya magharibi, mimi na daftari langu la takwimu, yeye na la kwake. Tulikubaliana mambo mawili. La kwanza, kila neno la Kiingereza linaandikwa pembeni na Kiswahili chake cha shule ya msingi, kama lipo. Jedwali letu lina maneno zaidi ya sitini sasa, na la kwanza kabisa ni LCM, KDS. La pili, hatuanzi mada mpaka tumepata swali lake pale kijijini. Asilimia tuliipata kwenye duka. Wastani tuliupata kwenye nazi za bibi: tulihesabu za kila mnazi, tukaona ipo inayozaa sana na ipo inayodanganya. Na hapo, kwa aibu, ndipo mimi nilipoielewa mchepuko wastani, ile iliyonipa 34. Inakwambia minazi yako inatofautianaje na ule wa kawaida. Basi. Mwaka mzima nilikuwa naikariri kama kanuni, kumbe ilikuwa inazungumzia shamba la bibi.

Mambo mengine hatukupata swali lake kijijini. Logi, kwa mfano, ilitushinda kuipeleka shambani, tukaifanya vilevile, kavu. Si kila somo litakuja na kamba ya mjomba. Ila ukishaonja moja au mbili unakuwa na subira na zile kavu.

Kwetu sisi wanachuo nina maombi mawili. Wengi wetu tutakuwa walimu, na tusiokuwa walimu tutakuwa kaka na dada wanaosikilizwa nyumbani. Tuache kuwarithisha wadogo zetu chuki zetu kwa jina la ushauri. "Piga chini" ni neno fupi, lakini kwa mtoto anayetaka kuongoza meli linafunga mlango ambao hata hajafika. Pili, serikali yetu ya wanafunzi ina kamati ya taaluma. Ianzishe madarasa ya Jumapili kama ya wale wa Mlimani, yasiyo na alama, ambapo wa uhandisi anatufundisha sisi takwimu na sisi tunabishana naye DS mpaka aache kusinzia. Chumba chetu kimeshaanza. Tupo sita, mlango uko wazi.

Matokeo, kwa mtakaouliza: sapu nimeipita kwa C, na kwa taratibu za chuo chetu kwenye sapu hakuna zaidi ya C. Mjomba amenunua miche sitini, tatu za akiba. Mdogo wangu kwenye jaribio la mwezi uliopita, yeye ambaye mwanzoni mwa mwaka alipata 8, amepata 27. Bado ni F. Alinitumia picha ya karatasi na ujumbe mmoja chini yake: "Kaka, zimebaki tatu."